Joash, Kipimo cha Uthiru

Hospitali kubwa za Nairobi zina mashine za kila aina, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuwa na Joash. Joash alikuwa wa kliniki ya Daktari Wachira peke yake, pale Uthiru, nyuma kidogo ya barabara ya Waiyaki, na kama unadhani alikuwa daktari umekosea. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye karakana ya mabati ubavuni mwa kliniki, na mume wa Namalwa, aliyekuwa mpimaji wa pekee katika maabara ya Wachira. Kazi yake pale kliniki ilikuwa kutoa damu kila asubuhi na kuwa mzima.

Tuelewane vizuri hapa, maana asiyeelewa sasa atanisumbua na maswali huko mbele. Maabara yoyote ya kupima damu, kabla haijamgusa mgonjwa wa kwanza, hupima sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari. Mashine ikitoa jibu lile, kazi inaanza. Ikitoa jibu lingine, mashine ina kasoro na hakuna mtu wa kupimwa mpaka kasoro ijulikane. Sampuli hiyo huitwa kontroli. Huuzwa katika vichupa vidogo na hukaa ndani ya friji. Wachira alipofungua kliniki akasikia bei ya vichupa hivyo, alifyonya mpaka mgonjwa wa malaria aliyekuwa amelala kwenye benchi akaketi.

"Maji ya chupa!" alisema. "Si mnataka kitu chenye jibu lake linajulikana? Basi tutafute mtu mzima kabisa, mwenye hana shida yoyote, tumpime yeye."

Siku hiyo Joash alikuwa mlangoni, amepiga goti, anachomelea geti la kliniki. Jamani, mwanamume alikuwa na kifua! Alikuwa golikipa wa timu ya kanisa, alibeba geti zima peke yake, na tangu azaliwe hakuwahi kumeza hata panado. Wachira akamtazama, Namalwa akamtazama, mgonjwa wa malaria naye akamtazama. Wakamtoa damu akiwa bado na miwani ya kuchomelea usoni, sukari ikatoka tano nukta mbili, namba safi kabisa, na kuanzia hapo Joash akawa kontroli.

Kazi ikampanda kichwani. Bia aliacha, akisema hawezi kunywa na watu wote wa Uthiru wanamtegemea. Asubuhi alifika kliniki kabla ya chai, mkono wa shati umekunjwa tayari, akawapita wagonjwa kwenye benchi akiwapungia. Mtaa mzima ukamwita Kipimo.

"Niaje, Kipimo! Umeamkaje?"

"Niko sawa," alijibu, "kwa hivyo hata nyinyi mko sawa."

Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka, bila neno. Kisha asubuhi moja mashine ikamsoma Joash sita na kitu. Namalwa akapima tena, ikarudia vilevile. Akamwita Wachira.

"Joash ni mzima?" Wachira aliuliza.

"Si unamwona."

"Basi mgonjwa ni mashine."

Mashine ile ilikuwa na kitufe cha kurekebishia, cha kupandisha na kushusha majibu. Namalwa akakibonyeza, akakibonyeza, mpaka Joash akarudi kwenye tano nukta mbili. Wiki chache baadaye ikapanda tena, akabonyeza tena. Halafu ikawa kila wiki. Halafu ikawa karibu kila siku. Wachira alisema mashine inazeeka, na kwamba hata yeye mwenyewe magoti yake siku hizi yanahitaji kurekebishwa kila asubuhi.

Nyumbani nako Joash alikuwa amegeuka mtu wa maji. Alilala na jagi kando ya kitanda, akaona halitoshi, akalala na mtungi. Usiku alitoka nje hadi jirani akadhani ana mpango wa kando. Mshipi wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine, kisha jingine, na kile kifua cha golikipa kikabaki fulana inayoning'inia. Namalwa hakuwa kipofu. Aliyaona yote hayo, na yalimkosesha usingizi.

"Baba Emmah," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni, "mbona unakonda hivi?"

Joash alicheka. "Unaniuliza mimi? Si wewe hunipima kila asubuhi?"

Namalwa akaona alichosema ni kweli. Alimpima kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, na kila asubuhi alikuwa tano nukta mbili.

Wakati huohuo Uthiru ilikuwa inapona. Haki ya nani, watu walikuwa wanapona! Mama Njambi, muuza viazi, alikuwa ameambiwa kwingine kwamba sukari yake imepita kiasi. Akaja kwa Wachira, akapimwa, akaambiwa yuko sawa. Alipiga vigelegele hapohapo, akatupa dawa zake, na kesho yake akaleta jogoo wa shukrani. Habari zikasambaa. Watu wenye sukari wakaja kutoka Kinoo na Kangemi, na mzee mmoja akawa analetwa na dereva kutoka Lavington, gari linaachwa mbali ili majirani wake wasijue anatibiwa wapi. Kwa Wachira ukipimwa unapona, walisema, na Wachira akaanza kutembea polepole, mikono nyuma.

Waliokuwa na hali mbaya ni vijana wazima. Kijana wa bodaboda, mwenye misuli, aliyekuja tu kupata cheti cha kazi, alisomwa sukari moja nukta mbili. Ukimuuliza mtu yeyote wa maabara, atakwambia mwenye namba hiyo haulizi cheti kiko wapi, mtu wa namba hiyo amelala chini hajitambui. Yule alikuwa amesimama anatafuna miwa. Namalwa akampa soda. Wa pili akampa soda. Wachira akaagiza kreti nzima ikae maabara, akisema vijana wa siku hizi hawanywi chai ya asubuhi. Siku moja Namalwa alijipima mwenyewe, akakuta moja nukta tatu. Alikaa chini kwa hofu akisubiri kuzirai, hakuzirai, akanywa soda, akaendelea na kazi. Kontroli ilikuwa imepita, imetoa tano nukta mbili yake. Angefanya nini?

Ndipo wakaguzi wakapita wakiuliza ni nani hapo mwenye cheti cha mafunzo ya ubora. Hakuna. Wachira akajikuna, akamwandikisha Namalwa kwenye mafunzo ya utangulizi kuhusu kanuni za maabara na viwango vya ubora, katika hoteli moja ndefu kule Westlands.

Namalwa alivaa gauni lake la Jumapili. Alipotoka kwenye lifti akamkuta mwalimu mwenyewe mlangoni, Madam Kavindu, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Kila mgeni alibandikwa lebo kifuani. Namalwa akaandika jina lake kwenye lebo, akataka kuingia.

"Tarehe ya kuzaliwa?" Madam Kavindu aliuliza.

"Yangu?"

"Sampuli ikiletwa na jina peke yake, bila kitambulisho cha pili, tunaifanyia nini?"

"Tunaikataa, madam."

"Umekataliwa."

Namalwa alidhani ni mzaha, akacheka. Madam Kavindu hakucheka. Ilibidi ashuke na lifti mpaka chini, aandike lebo upya, apande tena, apokelewe kama mtu aliyekuja mara ya kwanza. Ndani alikuta wenzake kama ishirini, wote wenye lebo, mmoja amekaa pembeni peke yake kwa sababu alifika amemwagikiwa na uji na sampuli iliyomwagika haichanganywi na nyingine.

"Hapa hatutafundishana ubora," Madam Kavindu alisema aliposimama mbele. "Hapa tutauishi."

Na kweli wakauishi, ole wao. Chai ililetwa, ikapimwa joto, ikakutwa imepoa kupita kiwango, ikarudishwa jikoni watu wakiitazama ikienda. Sambusa zilikuja bila tarehe ya kutengenezwa, zikawekwa karantini juu ya meza ya nyuma chini ya kitambaa chekundu. Jamaa mmoja kutoka Kangemi, Lenox, akasinzia. Alipokoroma Madam Kavindu hakumkemea hata kidogo. Alichukua kalamu, akasema wamepata kasoro, na kasoro haipigwi makofi, hutafutwa chanzo.

"Kwa nini umelala?"

"Sikulala usiku, madam."

"Kwa nini?"

"Jogoo wa jirani anawika saa zote."

"Kwa nini?"

"Taa ya jirani inawaka usiku kucha, jogoo anadhani kumekucha."

"Kwa nini inawaka?"

Lenox akafikiri. "Bibi yake anaogopa giza."

"Kwa nini anaogopa giza?"

Chumba kizima kilikuwa kimeinama mbele kinasubiri. Lenox alisema hajawahi kumuuliza. Akapewa kazi ya nyumbani, akamuulize, aandike, atie sahihi. Shiku, msichana nadhifu kutoka maabara moja ya Lavington yenye viyoyozi na zulia, aliandika yote hayo kwa kalamu za rangi tatu.

Namalwa naye aliandika, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyofurahi. Alikuwa amekuja akiogopa kwamba kliniki yao ni ya kuaibisha, kumbe mengi wanafanya. Glovu wanavaa. Sindano wanatupa vizuri. Kwa hiyo Madam Kavindu alipouliza nani atueleze kontroli yake ya asubuhi, mkono wa Namalwa uliruka wenyewe.

"Sisi hatutumii ya chupa," alisema, amesimama wima. "Sisi tunatumia Joash."

Shiku akafungua ukurasa mpya.

"Joash ni kampuni ya wapi?" Shiku aliuliza.

"Ni bwanangu."

Sasa ungewaona watu wale! Mahali pengine wangecheka wakamaliza, lakini hawa walikuwa wameuishi ubora tangu asubuhi na akili zao zilikuwa zimeshapinda. Walimchukua Joash kwa uzito wote. Shiku aliuliza anahifadhiwa kwa joto la kiasi gani. Namalwa akasema analala chini ya blanketi mbili. Mwingine akauliza kama ana tarehe ya kuisha muda. Lenox alitaka kujua akisafiri kwenda kwao Bungoma kontroli inakuwa nani, na Namalwa akaeleza kwamba Joash hasafiri tena, hata mazishi ya mjomba wake alituma salamu tu. Walitikisa vichwa kwa heshima. Jamaa wa uji, kule pembeni, akasema huo ndio moyo wa kazi.

Madam Kavindu peke yake ndiye ambaye hakuwa ametikisa kichwa. "Na siku Joash asipopita," aliuliza, "mnafanya nini?"

"Tunarekebisha mashine, madam, mpaka apite."

"Mara ngapi?"

"Zamani haikuwa. Siku hizi ni karibu kila siku."

"Mnaipandisha au mnaishusha?"

"Tunashusha." Namalwa alisema neno hilo na likamkwama mahali. "Kila mara tunashusha."

"Huyo Joash," Madam Kavindu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua, "anakunywa maji sana?"

Namalwa akaona mtungi kando ya kitanda. Akaona mshipi na matundu yake. Akaona kijana wa bodaboda na muwa wake, na Mama Njambi na jogoo, vyote kwa mpigo, akarudi nyuma bila kutazama, akakalia sambusa za karantini. Hakuna aliyesema lolote kuhusu sambusa. Madam Kavindu alimshika bega, akamwambia ampigie simu mumewe, aje sasa hivi.

Joash alipopigiwa simu kwamba anahitajika Westlands, kwenye mkutano wa wataalamu, hakuuliza mara mbili. Alijua siku hiyo ingefika. Aliacha geti la mtu bila bawaba, akaoga, akavaa suti ya harusi yake, ambayo sasa ingewatosha akina Joash wawili, akapanda bodaboda. Mlangoni alibandikwa lebo. Aliposikia tarehe ya kuzaliwa inatakiwa aliitaja kwa sauti kubwa, na kwenye nafasi ya cheo akaomba waandike Kontroli, Uthiru.

Watu wote waliinuka alipoingia. Wengine walitaka picha naye. Joash akawapa mkono mmoja mmoja, akaomba maji, akanywa chupa nzima, akaomba nyingine.

"Asanteni," alisema akijipangusa mdomo. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Ni wapi mnataka kutoboa?"

Juu ya meza ya maonyesho kulikuwa na kipima sukari kidogo cha mkononi, na kichupa cha kontroli ya kweli, ile ya friji. Madam Kavindu akapima kichupa kwanza, mbele ya wote, jibu likatoka sawasawa na lililoandikwa juu yake. Kisha akamtoboa Joash kidole. Namalwa alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, ameshika mgongo wa lile koti pana, anaomba kimoyomoyo, Mungu wangu, ikosee, leo tu ikosee.

Ishirini na nne.

Joash akaisoma namba, akaguna, akamtazama Madam Kavindu kwa huruma, namna fundi anavyomtazama mwenye geti lililopinda.

"Mashine yenu imeharibika," alisema. "Pole, madam. Hata yetu husumbua. Rekebisha tu, mimi niko hapa, sina haraka."

"Mashine iko sawa, Bwana Joash."

"Haiwezi. Mimi ni tano nukta mbili. Pima wengine uone."

Wakampima Shiku, akawa tano kamili. Wakampima Lenox, akawa tano na kidogo, usingizi na yote. Jamaa wa uji akaruhusiwa kutoka pembeni, naye akawa sawa. Joash alizitazama namba zao moja moja, akazidi kusikitika.

"Eish," alisema. "Basi nyote mko na shida. Poleni sana. Mngekuja Uthiru mapema."

Mtu mmoja alicheka, akakatiza katikati. Projekta ilikuwa bado inaonyesha ukutani hatua za kushughulikia kontroli isiyopita: simamisha kazi, tafuta chanzo, tupa kichupa, fungua kingine. Shiku aliisoma hatua ya tatu, akamtazama Joash, akaweka kalamu zake zote chini.

Namalwa akaja mbele. Alimshika mumewe mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa imebaki mifupa, akashangaa alikuwa akiishika kila asubuhi akiangalia nini.

"Baba Emmah, mashine iko sawa," alisema. "Wewe ndio uko mgonjwa."

"Mimi?" Joash alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mimi, Mama Emmah? Si wewe hunipima kila asubuhi?"

Hapo ndipo Namalwa alipolia, mbele ya madam na wenzake na lebo zao zote, alilia mpaka kamasi ikamtoka.

"Nilikuwa napima mashine!" alisema. "Kila asubuhi nilikuwa napima mashine. Wewe sijawahi kukupima hata siku moja."

Joash akakaa. Suti ikamfuata ikakaa baada yake. Alitazama kile kichupa kidogo mezani, kimiminika cha kijiko kimoja, kitu kisichojua kuchomelea geti wala kudaka penalti.

"Kwa hivyo hii," aliuliza polepole, "ndiyo nzima?"

Madam Kavindu alivua koti lake jeupe, akafunga mafunzo bila chai ya saa kumi, bila hotuba, akawapeleka Joash na mkewe hospitali kwa gari lake mwenyewe. Njiani foleni ya Westlands haikusonga, na Joash aliuliza mara kwa mara kama kuna mahali pa kununua maji. Namalwa alimshika mkono, akawa anamwambia kidogo tu, tumefika, kidogo tu.

Walimlaza. Madaktari walisema angechelewa kidogo zaidi wangekuwa wanaongea habari nyingine, na Namalwa hakuuliza ni habari gani. Alilala kwenye kiti kando ya mumewe mpaka Joash alipotoka na sindano zake za insulini, na maelezo ya chakula, na aibu kubwa kuliko ugonjwa.

Maabara ya Wachira ilifungwa. Wachira mwenyewe alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kichwa mikononi, kreti ya soda miguuni pake. Mashine ikatengenezwa na fundi wake, vichupa vikanunuliwa, friji ikaletwa. Lakini kulikuwa na watu wa kurudishwa, wale wote waliopona bila kupona, na hao hawakutaka kurudi. Namalwa alikwenda kwa Mama Njambi, akafukuzwa pale kwenye viazi. Aliambiwa ana wivu.

Ni Joash aliyewarudisha. Alizunguka Uthiru mlango kwa mlango, akiegemea fimbo aliyojichomelea mwenyewe, amevaa fulana isiyo na mikono ili waone mabega yalivyobaki.

"Mnanijua," aliwaambia. "Mimi ndio nilikuwa kipimo chenu. Na nilikuwa mgonjwa muda huo wote. Sasa nyinyi mtakuwa wazima aje? Kujeni mpimwe."

Mama Njambi alimtazama mabega kwa muda mrefu. Kisha akafunika viazi vyake kwa gunia, akaja. Kinoo wakaja, Kangemi wakaja, na gari la Lavington safari hii likaegeshwa mlangoni kabisa.

Asubuhi ya kufungua tena maabara Joash alifika kabla ya chai, mkono wa shati umekunjwa. Mazoea, ningefanya vilevile. Alikuta mkewe ameshapima kichupa, na kichupa kimepita. Akasimama mlangoni, hajui aweke wapi ule mkono.

"Ingia," Namalwa alisema. "Keti. Jina?"

"Mama Emmah, si unanijua!"

"Jina, na tarehe ya kuzaliwa."

Akayataja yote mawili. Namalwa akayaandika kwenye lebo, akamfunga mpira mkononi, akamtoa damu, akaiweka kwenye mashine. Wakasubiri, mke na mume. Namba ikatokea. Tisa na nusu. Ilikuwa imeshuka sana, lakini haikuwa nzuri, na kidole cha Namalwa kikanyooka chenyewe, kikaenda kwenye kile kitufe.

Joash akakiona. Akakishika kile kidole, taratibu, akakirudisha kwenye kalamu.

"Andika vile iko," alisema.

Akaandika.